Jina la Bwana Desai

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, nilikabidhiwa taipureta na kibendera chekundu. Taipureta ilikuwa ya ukarani katika chama cha waamuzi wa mpira hapa Kisumu. Kibendera kilikuwa cha Jumamosi. Mshika kibendera hukimbia kando ya uwanja akionyesha mpira uliotoka, au mchezaji aliyeotea, yaani aliyewapita walinzi kabla hajapigiwa pasi. Lakini uamuzi ni wa mwenye filimbi.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzungu, mhandisi mwenye sauti ya upole. Nilipomwomba nifanye mtihani wa filimbi, alinijibu bila hasira yoyote, "Omolo, miguu unayo. Filimbi inataka kichwa." Akaendelea kunywa chai yake. Nilikimbia kwenye mstari misimu mitatu, hata baada ya nchi kupata bendera yake.

Aliyenifundisha sheria ni Bwana Desai, Mhindi mwenye duka la vyuma, mwamuzi wa daraja la kwanza. Kila Jumatano akishafunga duka alipanga misumari na nati juu ya kaunta kana kwamba ni timu mbili, kisha akaniuliza nani ameotea. Jumamosi moja huko Kisian, wakati wa mapumziko, alitangaza kwamba goti limemkatalia, akanipa filimbi. Goti lake halikuwa na kitu. Nilichezesha kipindi cha pili chote, na hakuna aliyelalamika. Jumatatu mwenyekiti alimwandikia barua ya onyo. Niliipiga chapa mimi mwenyewe.

Baadaye mhandisi alirudi kwao. Nikafanya mtihani, nikapita, na miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa katibu wa chama. Mwenyekiti mpya alikuwa Mwafrika, mtu niliyemheshimu sana. Katika kikao chake cha pili alisema daraja la kwanza sasa liwe la wenyewe, akataka jina la Bwana Desai liondolewe. Tulikuwa watano mezani. Nilijua Desai ni raia. Nilijua pia kwamba nikimtetea, wataniuliza nimekula nini dukani kwake. Mwenyekiti akaomba wanaokubali wainue mikono. Nikainua wangu. Haukuwa mzito.

Desai alikuja ofisini na cheti chake cha uraia ndani ya bahasha, akakiweka mbele yangu.

"Omolo, mimi nimezaliwa hapa hapa Kisumu. Kuna kosa gani nimefanya uwanjani?"

Nikamwambia hakuna kosa, ni uamuzi wa kikao.

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi nilikataa, Bwana Desai. Walinishinda kwa kura."

Akanipa mkono, akanishukuru.

Mwaka huo huo aliuza duka ili wahamie Uingereza. Nilikwenda kuwaaga. Sebule ilikuwa tupu, tukakalia masanduku. Akamwambia mkewe, kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Ndiye huyu. Peke yake alikataa." Mama yule aliniletea chai na vitafunio vyote alivyokuwa ameviweka kwa ajili ya safari, akasimama kando kuhakikisha ninakula. Nikala.

Nilistaafu nikiwa mwenyekiti wa chama kile kile. Waamuzi vijana wa Nyamasaria hunialika niwasimulie ubaguzi wa siku zetu, nami huwasimulia. Nikifika kwa yule mhandisi na jibu lake, wananipigia makofi, nami huketi hapo hapo. Ya Bwana Desai sijawahi kuwaambia. Nimeyaandika leo kwa kuwa nimesikia amefariki, na najua kungoja mpaka afe nako si ujasiri.