Marufuku Kumpita Kapteni

Habari ilinifikia Jumanne nikiwa kwenye basi la kutoka kituo cha metro: kapteni wa klabu yetu ya baiskeli hapa mtaa wa International City, Dubai, amefariki. Moyo ulisimama akiwa zamuni, langoni mwa jengo alilolinda miaka mingi. Mwili umeshasafirishwa kwao Uganda. Nyinyi wasomaji wangu mnanijua, mimi si mwepesi wa machozi, lakini siku hiyo nilipitiliza vituo viwili.

Klabu yenyewe niliiona kichekesho. Marehemu aliokota kitabu kwenye vitu vilivyotupwa na mpangaji mmoja, kinachosimulia vilabu vya baiskeli vya Waingereza wa enzi za Malkia Viktoria: sare zao, misafara yao ya kutoka mjini kwenda kunywa chai, kapteni mbele na mwiko wa kumpita. Akayachukua yote kama yalivyo. Basi kila Jumapili asubuhi walinzi, wahudumu wa hoteli na madada wa kazi za nyumbani tulijipanga wawili wawili kwenye baiskeli za mitumba, wanaume tai shingoni, tukingoja filimbi yake ya kazini. Aliyempita kapteni alipewa adhabu ya kuwagawia wote chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki.

Mimi nilimpita mara moja. Tulikuwa tunajikokota, jua linapanda, nikasema yalla, twendeni, nikachomoka. Mkahawani akanikabidhi trei bila kununa.

“Kapteni, hata kobe angetuacha,” nikamwambia.

“Bwana mwandishi, mimi naenda kwa miguu ya yule dada wa nyuma kabisa. Akiachwa leo, Jumapili ijayo haji. Na wiki nzima hana pengine pa kwenda.”

Dada huyo, Mganda mwenzake aliyefanya kazi za nyumbani, alijifunza baiskeli ukubwani. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikasema abaki kwa madam wake mpaka ajue kuendesha. Alisikia. Akainamia kikombe chake, na sikumwomba radhi.

Sidhani wale mabwana wa kitabuni wangetufungulia mlango wa klabu yao. Kwao, nadhani, mwiko ule ulilinda cheo. Marehemu aliutumia kumlinda wa mwisho, tena katika mji huu ambao wiki nzima tunakimbizwa na saa za watu wengine. Nilimpenda kwa hilo, na sikuwahi kumwambia.

Jumapili iliyopita tulijipanga tena. Filimbi nilipewa mimi, kwa umri tu. Hakuna aliyetaka kusogea mbele, na niliona wazi kwamba tukitawanyika asubuhi ile, klabu imekwisha. Nikaenda hadi nyuma, nikamvisha yule dada filimbi.

“Mimi? Si ndimi ninayewachelewesha?”

“Ndiyo maana. Na unisamehe kwa nililosema siku ile.”

Akaiweka sawa filimbi shingoni. “Khalas, mzee, yamekwisha. Rudi kwenye mstari.”

Akapuliza. Nimejifunza uzeeni kwamba ukitaka watu wafike wote, mwendo aupange anayechoka mapema. Kwenye chai tulichelewa karibu saa nzima. Dada akatuhesabu mlangoni mwa mkahawa, na hakuna aliyekosekana ila marehemu.