Kilio cha Ngoie Kwenye Tamasha la Roki, Kalemie

Sikwenda Kalemie kutembea. Nilitumwa na mama yangu, na mama yangu akikutuma, unakwenda. Habari zilikuwa zimetufikia Kabalo kwamba mdogo wangu Ngoie, mwimbaji wa bendi moja ya roki huko ziwani, anapiga kilio cha msiba jukwaani, mbele ya watu waliokuja kucheza. Kwetu kilio hakianzi mpaka maiti ionekane. Ndiyo maana baba, aliyezama mto Lualaba na asipatikane, hakuliliwa hata siku moja.

"Wende ujionee," mama aliniambia. "Kama njo kweli analia hivyo, umuambie asirudie tena kwangu."

Treni wakati ule wa Zaire iliondoka ilipotaka yenyewe. Baada ya kituo cha Nyunzu ilisimama porini hadi abiria wakashuka kupika ugali kando ya reli. Wengine walilalamika. Mimi nilifurahi, kwa sababu sikujua ningemfukuzaje mdogo wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kalemie nilipokelewa na Mama Feza, muuza dagaa sokoni, aliyempangishia Ngoie chumba. "Ni mtoto wa heshima," alisema. "Ila hiyo muziki yao, Papa, ni kelele ya kiwanda." Alikuwa hajawahi kwenda kuwasikiliza.

Alasiri niliingia kwenye tamasha, uwanjani, jirani na soko. Bendi zilifuatana, gitaa zikinguruma, vijana wakirukaruka. Ngoie alipopanda jukwaani, aliwaashiria wapiga gitaa wanyamaze. Akaanza kilio kwa sauti ya chini kabisa, bila maneno. Sauti ikapanda, ikakatika, ikapanda tena. Vijana wa nyuma wakazomea, "Gitaa! Gitaa!" Wa mbele wakawageukia kwa hasira wanyamaze.

Sasa, vipaza sauti vilielekea sokoni. Ghafla wanawake wakaingia mbio, vitenge wamejifunga kiunoni, vilemba wamevua, mikono kichwani, wanalia kwelikweli. Mbele yao alikuwa Mama Feza.

"Nani amekufa?" akauliza. "Maiti iko wapi?"

Ngoie akajibu kwenye maikrofoni, "Papa yangu. Maji ilimubeba, hatukumuona."

"Hakuna maiti na unalia? Unaita kifo, mutoto!"

Akaondoka, na karibu nusu ya wanawake wakamfuata wakitukana. Waliobaki waliketi chini, miguu wameinyoosha, kama matangani, wakamwitikia Ngoie. Nami nikaketi nao, mwanamume peke yangu, nikamlilia baba kwa mara ya kwanza. Ujumbe wa mama sikuufikisha.

Asubuhi ya kuondoka Mama Feza alinipa dagaa. "Za mama yako. Lakini mimi sijakubali, usifikiri."

Njia nzima nilimfikiria. Hakukosea: kilio ni kitu kizito, ndiyo maana kina masharti. Lakini sharti hilohilo lilikuwa limetufunga midomo nyumba nzima, na mimi nilidhani machungu yamepoa.

Kabalo nilimkuta mama jikoni.

"Njo kweli?"

"Njo kweli, Mama. Lakini analilia Papa."

Aliepua sufuria motoni. Kisha akauliza, "Alianza namna gani?"

Nilijaribu kumwonyesha, kwa sauti yangu hii mbovu.

"Hapana," akasema. "Hivyo hapana." Akavua kilemba, akaanza mwenyewe.

Majirani walikuja mbio, wakiuliza nani amekufa.

"Bwana yangu," mama akasema. "Mukae. Na mutume muntu kwa Ngoie, arudie kwangu, alie na sisi."