Alimchoma Jirani Maji, Akamwambia Mwili Wake Unakataa Dawa

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka 26, nimeolewa, tunaishi Tabata nyumbani kwa wakwe. Mama mkwe ana duka la dawa, mie ndiye muuzaji. Zamani alikuwa mhudumu wa zahanati, mtaani wanamwita Dokta. Nyuma ya pazia huwachoma wanawake sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu.

Wiki iliyopita alikuja Mama Zai, jirani yetu. Amezaa kwa upasuaji mara tatu na hospitali walimwonya asibebe tena. Ana mimba.

"Dokta, si ulinichoma mwenyewe?"

"Kuna miili inakataa dawa, mwanangu. Wako mmojawapo."

Mama Zai akaomba radhi kwa usumbufu, akaondoka.

Kesho yake alikuja mteja mwingine, nikasimama karibu, pazia likiwa wazi. Dawa yenyewe ni unga mweupe uliochanganywa na maji. Kichupa kikikaa, unga unashuka chini. Juu yanabaki maji, chumvi na vihifadhi, vitu visivyozuia mimba. Karatasi ya kwenye boksi inasema kitikiswe kwa nguvu kwanza. Mama mkwe hakukitikisa. Alivuta maji ya juu, akamchoma yule dada. Unga uliobaki akauongezea maji, akauweka kwa ajili ya mwingine.

Mteja alipotoka nikamwambia, "Mama, huyu umemchoma maji."

"Unga unaziba sindano, halafu wanalalamika inauma. Wewe udaktari umesomea wapi?"

"Na huo uliobaki?"

"Nitupe? Dawa haitupwi, mkwe wangu."

Akachukua kipande cha muhogo, akala kwa mkono uleule, hajanawa.

Ningesema hajui. Lakini mie pia hunichoma, na nakumbuka vizuri: changu alikitikisa mpaka kikawa cheupe kama maziwa. Anajua.

Nimemweleza mume wangu. Kajibu, "Unataka mama yangu afungwe?" Toka siku hiyo hatuongei.

Mama Zai bado anaulaumu mwili wake, na hospitali hajaenda, anaona aibu. Kile kichupa chenye unga uliobaki nimekificha kwenye mkoba wangu. Jumamosi kuna wanawake wanne wa kuchomwa, na mama mkwe ameniambia nije nimsaidie kuwashika mkono. Nianzie kwa nani, jamani? Niambieni kabla ya Jumamosi.