Askari Kumi na Wawili Wasio na Vumbi

Mume wangu alifariki tarehe 9 Januari 2023, akiacha askari themanini waliokwisha kupakwa rangi na kumi na wawili waliokuwa bado chuma kitupu. Nasema hivyo bila kucheka, kwa maana jeshi lile ndilo lililotaka kuihama nyumba yangu mara tu baada yake.

Kila askari alikuwa na kimo cha pingili ya kidole gumba. Shemeji yangu aliyeko Ubelgiji alikuwa akiwatuma, nasi tukiwapokea hapa mpakani Kamembe wakiwa wamefungwa katika pamba kama mayai, na marehemu akiwatunza katika sanduku la mbao. Walikuwa askari weusi wa Wabelgiji, wale waliovuka mto Rusizi mwaka 1916 kupigana na askari weusi wa Wajerumani. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, ukiisha na watu wakishanawa mikono, meza yangu ya kulia chakula iligeuka kuwa nchi: vilima vya katoni, mto wa kitambaa cha buluu, dadu mbili za kuamua nani aanguke. Mwalimu mstaafu wa historia kutoka Mururu aliwaongoza askari wa Mjerumani. Jirani yetu fundi cherehani alikuwa mwamuzi, na kwa utepe wake wa kupimia viuno alipima hatua za majeshi. Sheria yao ya kwanza ilikuwa hii: askari asiyepakwa rangi hakanyagi meza.

Tarehe 25 Februari walikuja wote wawili. Mwalimu alizungusha maneno, akanywa chai, akazungusha tena. Hatimaye akasema kwamba mpwa wake angeweza kuliongoza jeshi la marehemu, na mchezo uhamie Mururu.

"Jeshi lina mwenyewe," nikamwambia.

"Nani, Maman?"

"Mimi niliye mbele yako."

Fundi akaficha tabasamu ndani ya kikombe. Mwalimu akanitazama kama anayesahihisha mtihani, akaniuliza kwa Kiswahili cha mpakani, kile ambacho "wale" huwa "bale": "Na bale kumi na mbili? Bila bale, kikosi haitimie."

"Nitawapaka mwenyewe."

"Mpaka umuganda wa mwezi ujao, Maman. Bikishindikana, sanduku inaenda Mururu."

Nikampa mkono. Walipoondoka niliitazama meza, nikaona jinsi itakavyokuwa Jumamosi bila kelele zao: mbao tu na kitambaa cha kufumwa. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimelalamika kuhusu kelele zile.

Marehemu aliacha daftari la kazi yake, hatua kwa hatua. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la watu wazima parokiani, na cheti changu ni cha tarehe 14 Desemba 2007. Kwa hiyo daftari la mume wangu sikuhitaji kusomewa na mtu. Nilianza Jumatatu, tarehe 27 Februari. Niligundisha kila askari juu ya kizibo cha soda nipate pa kushika, nikapaka rangi ya msingi nyeusi, nikangoja ikauke, nikapaka buluu ya nguo na nyekundu ya kofia. Macho niliyatia kwa ncha ya sindano, nikiwa nimezuia pumzi. Jambo moja nilimkosoa marehemu: ngozi za askari wake zote zilitoka katika chupa moja. Mimi nilichanganya kahawia nne, kwa kuwa watu wa pande hizi hatujawahi kufanana weusi.

Kisha nikafika hatua ya tano. "Vumbi," aliandika. "Kahawia na maji mengi, mwili mzima, kisha futa. Wametembea siku nyingi."

Brashi ikanisimama mkononi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la saruji Muganza. Miaka ishirini na sita nilipigana na vumbi lile katika kola zake, katika mikunjo ya suruali, hata ndani ya soksi, na hakuna asubuhi hata moja aliyotoka mlangoni kwangu bila shati lililonyooshwa kwa pasi. Leo nichukue brashi niwachafue watu wake? Nikaifunga chupa.

Tarehe 25 Machi niliwapanga kumi na wawili wangu mbele ya themanini wake. Mwalimu akavaa miwani, akainama.

"Maman, hawa basoda banaenda ku vita ao ku harusi?"

"Wallahi, wamepigwa pasi," akasema fundi. "Mimi mwenyewe sishoni suruali safi hivi."

"Bale bengine banatoka mbali, na hawa banatoka ku duka," Mwalimu akaendelea, sasa bila mzaha. "Kazi haijaisha. Mume wako hangekubali." Na mkono wake ukalielekea sanduku.

"Mwalimu," nikasema, "wewe ndiwe uliyemfundisha marehemu kwamba wake wa askari walifuatana na jeshi, wakipika na kufua. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi hawa kumi na wawili wana wake."

Fundi alicheka mpaka utepe ukamdondoka shingoni. Mwalimu akawageuza askari mmoja baada ya mwingine. Kisha akamweka wa mwisho chini taratibu.

"Banatembea peku, Maman," akasema kwa upole. "Hata muke mwenye bidii hawezi kufua njia."

Hapo alikuwa na haki, nami haki huitambua hata inapotoka Mururu. Nikaifungua chupa, nikachovya brashi, na mbele yao nikapaka vumbi miguu ishirini na minne, mmoja mmoja, nikiishia chini ya goti, suruali zao zinapokomea.

"Kidogo ku suruali," akaomba.

"Hapana, Mwalimu. Miguu tu."

Fundi akaokota utepe wake, akaunyoosha kutoka ukingo wa meza hadi mtoni, akatangaza kwamba kikosi kimetimia na kwamba jeshi la nyumba hii linaanza. Mwalimu akalisukuma sanduku chini ya kiti changu, akanikabidhi dadu. Nilipoteza vita ile kabla ya saa kumi na moja: askari wangu saba walizama, watatu kati yao wale niliowapaka mwenyewe, na kelele zetu zikafika barabarani.