Sala ya Babu Kisimani

Marehemu babu yangu alikuwa mchimba visima. Kila mara kabla ya kushuka alivua kofia, akaikamata kamba kwa mikono yake yenye sugu, akasali kwa sauti ya kutetemeka.

"Babu, kwani unaogopa?" nilimuuliza siku moja.

"Sana, mjukuu wangu. Ndiyo maana siendi peke yangu."

Siku hiyohiyo ukuta wa kisima ulibomoka, udongo ukamfukia hadi kifuani. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikanikauka. Ndipo nikamsikia kule chini, pumzi zikimkatika: "Bwana Yesu, mtulize huyo mtoto hapo juu." Wenzake walimtoa jioni, akiwa hai. Alinikumbatia na matope yake, nikasikia moyo wake ukidunda kwa kasi kuliko wangu.