Samaki Waliogeukia Durban

Cheka kwanza, umalize, nitakusubiri. Maana humu ndani kuna sehemu mimi, mtu mzima na ndevu zangu tatu, niko chini nalamba sakafu ya duka. Lakini haki ya Mungu ilitokea, tena saa kumi alasiri, jua linawaka, sijalala wala sijavuta kitu.

Nauza samaki Fordsburg, hapa Joburg, kwa mzee mmoja Mzanzibari. Sheria yake moja tu: samaki wote juu ya barafu wamtazame mteja, aone jicho. Ukimwekea mteja mkia, huna kazi. Kila mwaka kwenye baridi, dagaa wanapita Durban kwa makundi, na safari hii mzee alinituma mimi na dereva wetu Chande, mtoto wa Tanga, tukanunue. Chande kashaapa: ataingia baharini na ndoo mpaka kifuani, mimi nimpige video, awatambie washkaji zake wa Joubert Park.

Siku moja kabla ya safari akaingia mama wa buibui. Linachuruzika maji! Sasa niambie, Joburg mwezi wa sita mvua inatoka wapi? Nikamtania, "Shikamoo mama, bomba limekupasukia?"

"Marahaba." Hakucheka. Akaweka kiganja juu ya barafu kama unavyompima mtoto homa. "Baridi ya mwaka huu nyembamba. Dagaa njia yao ni maji ya baridi, mwanangu. Huku nchi kavu, huku maji ya moto, wao katikati. Njia ikiwa nyembamba wanabanwa ufukweni, na wakubwa wanawafuata hapo hapo. Mwambie mwenzio asipitishe magoti."

Mwenzangu? Nani kamtaja Chande? Nikamwangalia miguu kwanza, si unatujua watu wa pwani, labda kwato. Miguu ya kawaida. Nikainua macho, hayupo. Nyayo za maji zinaanzia katikati ya duka, zinaishia hapo hapo. Ndiyo nikainama nikalamba. Chumvi. Chumvi ya bahari kabisa, na bahari iko mbali, mwendo wa saa sita kwa gari!

"We! Una wazimu?" Mzee huyo, mlangoni. Kabla sijajibu, wote tukaona barafu. Changu, kolekole, nguru, wote wametugeuzia mikia. Vichwa vimeelekea ukuta wa nyuma, upande wa Durban.

"Utani wako huu utakutoa kazini," mzee akasema. Eish! Hiyo ndiyo adhabu ya mtu wa mzaha. Nilimsimulia Chande njia nzima, akacheka mpaka akakosea njia.

Asubuhi tuko ufukweni. Maji yanachemka fedha, ndege wanajitupa, watu wanazoa dagaa kwa sketi. Chande shati chini, ndoo mkononi, mbio. Maji yalipomfika magotini nikamdaka mkanda wa suruali.

"Niache, chizi wewe!"

Sikuachia. Tukavutana, watu wanatucheka, ndoo ikamponyoka ikaelea hatua nne mbele. Pale pale maji yakawa meusi. Mgongo wa papa ukapita, mrefu kuliko kitanda changu, taratibu, wala hauna hasira na mtu. Ndoo ikazama nao. Nyuma yake mgongo mwingine. Na kule mbali nyangumi akapumua, moshi mweupe juu.

Ufukwe mzima wameacha kuzoa, wanatazama tu. Mimi nilijiona kama nimeingia msikitini watu wamesujudu. Baridi tu, kitu hukioni wala hukishiki, ndiyo imewaita wote hao!

Mpaka leo, baridi ikianza, asubuhi nakuta samaki mmoja amegeuka. Simgusi, na mzee siku hizi naye anamwacha hivyo hivyo. Na wewe, ukiona dagaa wamejibana ufukweni, magotini ndiyo mwisho wa kuingia majini.

Njia nzima ya kurudi Chande alikaza macho barabarani. Tulipofika robot ya kwanza ya Joburg, taa nyekundu, ndiyo akanigeukia. "Kaka," akasema, "siku nyingine ukilamba sakafu, niite tulambe wote."