Mchungaji Asiyesema Amina

Harufu ya petroli ya jenereta mpaka leo hunirudisha kijijini kwetu Akheri, kwenye kanisa la usharika wetu, alasiri ile tulipoonyeshwa filamu. Kina mama walikuwa wameziba madirisha kwa vitenge, na sisi watoto tuliketi chini, mbele kabisa, tukisubiri miujiza.

Jamani, miujiza haikuja. Ilikuwa habari ya mchungaji mzee wa nchi ya baridi, aliyemzika mtoto wake, na tangu hapo akawa hasemi lolote. Alitembea, akakaa, akatazama dirisha. Babu mmoja nyuma yangu alikoroma bila aibu.

Kisha mchungaji akapiga magoti. Sasa, kwetu mtu akianza kusali huulizi ni nani. Unainamisha kichwa na kufumba macho. Kanisa zima likafumba, kwa ajili ya maombi ya mtu aliye kwenye shuka jeupe ukutani! Tukangoja amina.

Mimi nilichungulia. Mchungaji alitazama juu muda mrefu, akatikisa kichwa, akavua joho lake. Nikageuka kumtafuta Mama. Macho yake yalikuwa wazi, makavu, yakimtazama yule mzee. Niliogopa sana. Miezi mitatu nyuma tulikuwa tumemzika mdogo wangu, Elia, na Mama aliniahidi kwamba tutamwona mbinguni. Kama Mama haamini tena, Elia nitamwona wapi?

Mzee akalivaa tena joho, taratibu, akaenda kupiga kengele. Amina hakusema. Mwinjilisti wetu, alipochoka kungoja, ndiye aliyeisema, na watu wakafumbua macho wakiulizana kengele inalia ya nini.

Tukirudi nyumbani, katikati ya migomba, nikamwambia, "Mama, hukufumba macho."

"Na wewe ulijuaje?" Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akasema, "Nilitaka nione atafanyaje."

Jumapili iliyofuata alivaa sare ya umoja wa wanawake, iliyokuwa imekaa kabatini tangu mazishi, akaenda kuongoza maombi. Nikashusha pumzi. Nilidhani amejibiwa, mambo yamekwisha.

Mpaka nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo nilipothubutu kumuuliza Mama jibu alilopewa na Mungu siku zile. Alikuwa akifunga kilemba mbele ya kioo.

"Bado hajanijibu," akasema. "Twende, mwanangu, tutachelewa ibada."

Akatangulia kutoka, nikamfuata. Kumbe miaka yote ile alikuwa akienda hivyohivyo, bila jibu.